Kitanda cha Babu

Mwaka 1964, Mapinduzi ya Zanzibar yakiwa hayajatimiza hata mwezi, babu yangu alianguka kwenye cherehani yake. Ilikuwa Ramadhani, msimu ambao fundi wa Pangani halali, maana kila mwenye mtoto anataka kanzu ya Idi. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini karibu na miguu yake nikiokota vipande vya kitambaa vya kumvisha mwanasesere. Kwanza nilisikia cherehani imenyamaza. Nilipoinua uso nikaona mguu wake wa kulia umeteleza kwenye pedali, unaning'inia kama si wake.

Walimbeba wakamlaza kwenye samadari ya bibi, kitanda cha heshima ambacho sisi wajukuu tulikatazwa hata kukikalia. Akawekewa mto laini, shuka jeupe na chandarua. Dirisha likafungwa asipigwe na upepo. Humo akakaa miaka mitatu na miezi miwili, mpaka siku alipotolewa kwenda kuzikwa.

Hakuna siku aliyokosa uji. Shangazi alimlisha kwa kijiko, mjomba akamgeuza, bibi akamfuta uso kwa maji ya mawaridi. Wageni walipokuja waliambiwa wasimchoshe. Alipojaribu kuinua kichwa, watu watatu walimkimbilia: "Lala, Mzee, lala, usijisumbue." Naye maneno yalikuwa yamempotea yote, limebaki moja. Ukimwuliza kama ana kiu, "Bado." Ukimwuliza kama ameshiba, "Bado." Sheikh alipokuja kumsomea dua na kumwuliza hali, alimkazia macho akasema, "Bado, bado," na watu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Siku yake ya furaha ilikuwa Ijumaa asubuhi, alipokuja bibi mmoja mkandaji na chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Yule bibi hakuwa na lugha ya upole. Alimkamata mkono uliokakamaa, akaukunjua kidole kimoja kimoja, akamwambia, "Nisukume! Nisukume nikuone!" Babu alikuwa akicheka. Kwa kumbukumbu yangu, huyo ndiye mtu pekee aliyemwomba babu afanye kitu katika miaka ile mitatu.

Ninaandika haya nikiwa nimestaafu, baada ya miaka 36 ya kuwasimamisha watu waliopooza. Ninajua sasa kilichotokea katika chumba kile. Kiharusi kilimnyang'anya babu mkono, mguu na maneno, kisha kikaondoka. Yaliyofuata yaliletwa na kitanda: goti lililokunjika likagoma kunyooka, misuli iliyoyeyuka, kidonda cha kiunoni ambacho mwishoni ungeweza kuona mfupa, kisha homa ya mapafu. Na kitanda tulimpa sisi, tena kile kizuri kuliko vyote nyumbani.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa lile lilikuwa letu, la watu wa pwani tusiosoma. Nilipoanza kuisoma historia ya kazi yangu nikakuta kwamba dunia nzima ilikuwa imemlaza babu.

*

Kiswahili kina majina mawili hapa. Kiharusi ni pigo lenyewe. Kupooza ni hali inayobaki. Na kupooza ni neno la jikoni na la sokoni kabla ya kuwa la hospitali. Uji wa moto tunaupooza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Biashara hupooza, mchezo wa mpira hupooza kipindi cha pili. Anayesema biashara yake imepooza hajasema imekufa. Lugha ilijua jambo ambalo utabibu ulichelewa sana kulikubali.

Wagiriki wa zama za Hippocrates waliuita ugonjwa huu pigo, kana kwamba mtu amepigwa na mkono usioonekana, na hawakuwa na matumaini makubwa na aliyepigwa sana. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, daktari wa mji wa Schaffhausen, Uswisi, alitoa kitabu cha aliyoyaona alipopasua maiti za watu waliokufa hivyo: damu imevuja ndani ya ubongo. Taratibu ikajulikana kwamba ama mshipa umepasuka, ama umeziba, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu inakufa. Mwaka 1861, Paris, Paul Broca akafungua ubongo wa mgonjwa aliyeishi miaka mingi akiweza kutamka silabi moja tu, "tan". Palikuwa pameharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Nilipolisoma hilo nikiwa mwanafunzi nilifunga kitabu nikatoka nje. Ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Mkono wa kulia wa babu, mguu wake wa kulia, na neno lake moja vilikuwa vimetoka mahali pamoja. Alipotujibu "bado" hakuwa anakataa uji wala dua. Lilikuwa ndilo neno lililosalia, akilitumia kwa kila kitu.

Hata hivyo, kujua palipoharibika ni jambo moja, kujua la kufanya ni lingine. Karne ya 19 ilikuwa karne ya kitanda. John Hilton, daktari mpasuaji wa London, alichapisha mwaka 1863 mihadhara yake juu ya mapumziko na maumivu, nayo ikasomwa na vizazi vya madaktari. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, fundi hodari wa mifupa, aliamini mapumziko marefu yasiyokatizwa. Kwa mfupa uliovunjika na kiungo kilichooza kwa kifua kikuu walikuwa na hoja. Dawa hiyo ya mfupa ikaja ikapewa kila mwenye ugonjwa mzito. Bila kujuana, wazee wangu wa Pangani na mabingwa wa Uingereza walikuwa wameafikiana kwamba mgonjwa alale.

*

Waliopinga hawakuwa madaktari wakubwa. Walikuwa watu wa mikono.

Huko Uswidi alikuwapo Pehr Henrik Ling, mwalimu wa kupigana kwa vitara, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Sehemu ya mafunzo yake ilikuwa ya kuponya: mwalimu anamsogeza mgonjwa, mgonjwa anasukuma, mwalimu anazuia kidogo. Kila ninapoyasoma hayo namsikia bibi mkandaji wa Ijumaa: nisukume nikuone.

London, mwaka 1894, wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa. Sababu yao ilikuwa ya aibu ya mjini: nyumba fulani zilikuwa zikijitangaza kuwa za kukanda huku zikiuza mambo mengine, na magazeti ya kitabibu yakapiga kelele. Wanawake wale wakaweka mitihani na masharti ili jina la kazi yao lisichafuliwe. Mmoja wao, Rosalind Paget, alikuwa pia mkunga. Nilipenda kujua hivyo, maana kwetu pwani mkunga na mkandaji mara nyingi ni mtu mmoja: anayempokea mtoto ndiye anayemkanda mama siku zinazofuata. Tofauti ni kwamba kwetu kazi hiyo haikuwahi kuhitaji kujitetea. Vita Kuu ya Kwanza ilipowarudisha Uingereza maelfu ya vijana waliokatika na kupooza, wakandaji wale walihitajika mno, na mwaka 1920 chama chao kilipewa hati ya kifalme. Baadaye polio ikaongeza kazi.

Afrika Mashariki nayo ilianza na polio, ukoma na mifupa iliyovunjika. Kenya, chama cha kuhudumia wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958. Tanzania, hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na katika miaka ile ya mwanzo ya 1970 chuo cha tiba ya viungo kikaanza pale pale. Mwaka 1981 ikaongezeka TATCOT, chuo cha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kushikilia viungo. Wanafunzi wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mgonjwa kuvaa, kula na kurudi kazini, walikuja baadaye, mwaka 1998.

Mimi nilishuka basi Moshi mwaka 1976, nikiwa na kanga mbili na bila sweta. Tulifundishwa mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, na tulifundishwa hasa watoto wa polio. Mgonjwa wa kiharusi alikuwa na kurasa zake chache mwishoni mwa daftari. Niliporudi Pangani likizo, shangazi aliniuliza, "Haya mwanangu, unasomea nini huko kwenye baridi?"

"Tiba ya viungo, shangazi."

"Kukanda?"

"Na kukanda kumo."

"Basi sema wewe ni mkandaji wa serikali."

Jina hilo lilinifuata mpaka nikastaafu, na sikulikataa.

*

Mtu ambaye ningependa kukaa naye barazani, kama angekuwa hai, ni Marjory Warren. Alizaliwa mwaka 1897, akasomea udaktari, na mwaka 1926 akaajiriwa katika hospitali ya Isleworth, magharibi ya London. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na nyumba ya maskini, mabaki ya sheria za zamani za Uingereza za kuwahifadhi mafukara, na mle ndani walilazwa wazee walioitwa wagonjwa wa kudumu. Mwaka 1935 pande hizo mbili ziliunganishwa, na Warren, aliyetazamia kuwa mpasuaji, akakabidhiwa watu wapatao 714.

Alichokikuta wengine wangekiita utulivu. Safu kwa safu za vitanda, kuta za rangi iliyofifia, wazee wamelala. Wengi hawakuwa wamepimwa na daktari kwa miaka. Wengine walikuwa na kiharusi cha zamani, miguu imekunjika, mikono imekakamaa kifuani. Walikuwa wanalishwa, wanafutwa na kugeuzwa. Nani angesema wametelekezwa?

Warren alifanya jambo linaloonekana dogo: alimpima kila mmoja. Akawagawa. Huyu ana ugonjwa unaotibika, atibiwe. Huyu amekatwa mguu lakini anaweza kujifunza kutembea. Huyu amepooza upande mmoja lakini ana upande wa pili. Akapaka kuta rangi ya kung'aa, akaongeza taa, akaweka vishikizo ukutani ili mtu akisimama apate pa kushika. Akaleta wataalamu wa mazoezi, akamtaka mzee avae nguo zake za mchana badala ya kushinda na za kulalia. Wengi wakasimama. Baadhi wakarudi makwao, na idadi ya vitanda alivyovihitaji ikashuka sana.

Aliyaandika hayo katika majarida ya madaktari mwaka 1943 na 1946, akidai wazee wawekewe sehemu yao ndani ya hospitali za kawaida na madaktari wao wafunzwe. Mwaka 1947 kikaanzishwa chama cha madaktari wa wazee Uingereza, naye akiwa miongoni mwao. Alifariki mwaka 1960 kwa ajali ya gari. Nilikuwa na miaka mitano. Babu alikuwa bado anakanyaga cherehani.

Mwaka huo huo wa 1947 Richard Asher, daktari mwingine wa London, alichapisha makala fupi juu ya hatari za kwenda kitandani. Aliyapitia madhara kiungo kwa kiungo, kuanzia damu kuganda kwenye miguu, mapafu kujaa, mifupa kupoteza chokaa, misuli kusinyaa na choo kufunga, hadi moyo kukata tamaa. Ukiisoma utadhani alikuwa akipiga ramli juu ya samadari ya bibi yangu.

Kisha wakaja watu wa vipimo. Mwaka 1966, Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20 hivi, walikubali kulazwa kitandani kwa majuma matatu bila kusimama. Waliinuka wakiwa wamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa moyo na pumzi zao. Miaka 30 baadaye wakatafutwa wale wale watano, sasa wa makamo, wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba majuma matatu ya kitanda yaliwaharibu zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nimewasimulia habari hii ndugu wa wagonjwa kwa miaka mingi, kwa Kiswahili cha kawaida. Huwa nasema: kila siku unayomlaza mzee wako bila sababu, unamwongezea umri.

*

Lakini kumtoa mtu kitandani ni mwanzo tu. Akishasimama, mkono uliopooza tuufanyeje?

Jibu la zamani lilikuwa tuuache, tuuzoeze mkono mzima. Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi aliyekimbia Berlin enzi za Wanazi akaishi London, alianza kutilia shaka jibu hilo mwaka 1943, alipoitwa kumtibu mchoraji wa picha aliyepata kiharusi. Aliona mkono uliokakamaa ukilegea kutegemea jinsi anavyomshika na kumkalisha. Yeye na mumewe, daktari Karel Bobath, wakajenga juu ya hilo namna ya kutibu iliyoenea duniani, na ndiyo niliyofundishwa Moshi. Si kila walichodai kimesimama mbele ya vipimo vya baadaye. Swali lao limesimama: kwa nini unaiacha nusu ya mtu?

Edward Taub, Marekani, akalijibu kwa njia ya kikatili kidogo. Aliona kwamba mgonjwa akishindwa kutumia mkono mara chache za mwanzo hujifunza kutoutumia, hata pale uwezo fulani unapokuwa umerudi. Dawa yake ni kuufunga mkono mzima. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 222: baadhi yao walivishwa glavu nene kwenye mkono mzima karibu muda wote walipokuwa macho, kwa majuma mawili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi. Waliofanyiwa hivyo waliendelea vizuri kuliko wenzao, na faida ilikuwepo hata baada ya mwaka.

Sisi hatukuwa na glavu hizo. Tulikuwa na kanga.

Hospitali yangu ya kwanza ilikuwa ya mji mmoja wa pwani. Chumba cha mazoezi kilikuwa stoo ya zamani, na vifaa vyake vilikuwa godoro moja na kioo kilichopasuka. Mgonjwa anayejifunza kutembea anahitaji vyuma viwili sambamba vya kushika. Nikaenda kwa muuza miti nikanunua boriti mbili za mkoko, seremala akazipiga randa, tukazisimamisha juu ya nguzo nne, kimo cha nyonga. Mkoko hauliwi na mchwa kirahisi, na ukishikwashikwa na mikono ya watu unang'aa kama fanicha ya Lamu.

Mengine yote nilijifunza kwa wagonjwa. Mzee hataki kunyanyua gunia la mchanga, atalishangaa. Mwambie lengo ni asimame kwenye sala, aende rukuu, ashuke sijida na ainuke bila kushikwa, hapo atafanya kazi mpaka jasho limtoke. Mama hataki kuhamisha vijiti vya plastiki kutoka tundu hadi tundu. Mpe ungo wa mchele achambue mawe kwa mkono uliopooza, huku ule mzima nimemfunga kwa kanga kiunoni. Wa kwanza niliyemfanyia hivyo alinitukana. Siku ya nane alinionyesha jiwe moja, dogo kama punje, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nazi ilifuata: mtu akiweza kuketi juu ya mbuzi bila kupinduka, akakuna nazi nusu kifuu, huyo nyumbani kwake si mgonjwa tena.

Mwaka 1988 alikuja fundi cherehani. Upande wa kulia, kama babu, ila yeye maneno alikuwa nayo tele. Nilimwomba ndugu yake alete mashine yake wodini. Muuguzi mkuu alidhani nina wazimu. Tukatoa uzi na sindano, tukamkalisha kwenye kiti kigumu, nikaufunga mguu wake kwenye pedali kwa kitambaa, nikamwambia akanyage. Asubuhi nzima alikanyaga hewa. Kumbe Ulaya, baada ya vita, wataalamu wa tiba kwa vitendo walikuwa wakitumia mashine za kukanyaga kwa kazi hiyo hiyo, sikujua. Nilichokumbuka ni kwamba cherehani ya babu ilikuwa hatua tatu kutoka kitanda chake. Ilifunikwa kwa shuka, na mwaka 1965 ikauzwa ili kulipa mganga.

Yule fundi hakurudi kushona suti. Alirudi kushona pindo na kupunguza suruali, akitembea na bakora. Aliishi miaka mingine 14.

*

Nimetaja mganga, na nisimwonee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walihesabu kiharusi nyumba kwa nyumba, Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya Dar es Salaam, kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006. Walipata wagonjwa wapya 636. Walipolinganisha kwa umri, kiwango cha Hai kilikuwa kama watu 109 kwa kila laki moja kwa mwaka. Cha Dar es Salaam kilikuwa kama 316, miongoni mwa viwango vikubwa vilivyowahi kuandikwa popote. Wanasayansi wenzao wakawauliza watu kiharusi kinatoka wapi. Nilitarajia shamba waseme mashetani na mjini waseme presha. Ikawa kinyume: Hai walitaja presha, mafuta na mawazo, Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi.

Sikushangaa sana nilipotafakari. Hai, chini ya mlima ule ule wa KCMC, watu walikuwa wamepimwa na kuhesabiwa tangu miaka ya 1990; neno presha lilikwisha kuingia migombani. Na Dar es Salaam mtu akianguka ghafla, mzima wa jana, katikati ya watu asiowajua, anatafuta aliyempiga. Hata Wagiriki waliliita pigo. Simlaumu mganga kwa maelezo yake. Ninamlaumu kwa kitu kimoja tu, kwamba anachukua muda. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa, na wengi walinifikia mwezi wa saba, kiwiko kimeshakunjika kama cha babu. Na mkandaji wa mtaani? Huyo nilimkaribisha. Nilimfundisha asivute bega lililolegea, naye akanifundisha kumchekesha mgonjwa.

Nisiwaache pia mkadhani kwamba kusimama ndiko dawa na kadiri upesi ndivyo bora. Mwaka 2015 lilitangazwa jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Australia, la wagonjwa 2,104. Nusu yao waliinuliwa mapema mno, ndani ya siku ya kwanza, mara nyingi na kwa muda mrefu. Hao ndio waliofanya vibaya kidogo kuliko waliopewa matunzo ya kawaida, ambao nao walikuwa wakitoka kitandani mapema, ila kwa kiasi. Mwaka huo ndio niliostaafu. Nilisoma matokeo yale nikawakumbuka wagonjwa wangu fulani, wale niliowasimamisha kwa fahari kesho yake tu baada ya kuletwa. Kitanda nacho kina saa zake. Shida ya babu ilikuwa miaka mitatu, haikuwa siku mbili.

*

Shangazi yule yule aliyenipa cheo changu ana miaka 88 sasa. Hana kiharusi, ana uzee tu. Miaka michache iliyopita nilimkuta ameanza kulala mchana, kisha kulala asubuhi, kisha kuletewa chakula kitandani na wajukuu waliolelewa vizuri. Nikaona samadari inarudi.

Nilimsimulia habari ya Boston, mwaka 1990, ambako wazee kumi dhaifu wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu majuma manane. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa asilimia 174, na wawili wakaacha bakora. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao ni Wazungu," akasema. "Mimi niache nipumzike, mwanangu."

"Pumzika shangazi, lakini umekaa. Kisha inuka, kisha kaa."

"Nikiinuka niende wapi?"

"Popote. Mtembea bure si sawa na mkaa bure."

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyepigwa kwa fimbo yake mwenyewe, maana methali hiyo ni yeye aliyenifundisha nikiwa mtoto mvivu wa kwenda kisimani. Sasa anainuka kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mikono imekunjwa kifuani, na kitukuu anahesabu. Ananiambia kwenye simu kwamba mkandaji wa serikali amemgeuza askari.

Mwaka jana nilipita kwenye ile hospitali yangu ya kwanza. Wana jengo jipya la utengamao, lina baiskeli za mazoezi na vyuma sambamba vinavyopanda na kushuka. Nikauliza boriti zangu ziko wapi. Kijana wa zamu akanipeleka nyuma ya wodi, chini ya mwembe, akiona haya: ndugu wa wagonjwa wamezigeuza kamba ya kuanikia nguo. Kulikuwa na mashuka, suruali za watoto, kanga zinapepea. Nikafungua mdomo nianze kugomba.

Kati ya kanga mbili za maji palikuwa na mzee mmoja, kanzu imefungwa kiunoni, mkono wa kushoto umeshika boriti, wa kulia umewekwa tu juu yake. Hakuna aliyemtuma. Alifika mwisho, akageuka taratibu, akasogeza shuka la mtu kwa bega ili apite.

Nikafunga mdomo, nikamwacha apite.